Mkeka Umehama, Lango Halikuambiwa

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa shimo!

Na shimoni?

— Mna njia!

Na njia?

— Yampeleka anayetaka, yamrudisha anayeijua!

Hiyo nayo ni sauti? Mafundi wazima, wanawake kwa wanaume, mmejazana hapa kibandani kwangu kwa sababu mtandao wenu umekatika tangu asubuhi, na kuitikia mnaitikia kama wagonjwa wanaoomba maji. Tena! Paukwa!

— PAKAWA!

Hapo sawa. Sogezeni vikombe, nianze.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanasalimiana, Mhanga alichimba shimo. Na Mhanga akichimba hafanyi mzaha. Kuru! Kuru! Kuru! Pua mbele, udongo nyuma. Alichimba huku, akachimba kule, akakata njia panda hapa na njia panda pale. Alipomaliza akalitazama, akakuna sikio. "Lo! Hili nitapotelea humu mwenyewe," akasema, akaenda zake kuchimba jingine. Ndivyo alivyo mpaka kesho, anachimba na kuacha.

Masika yakaja. Mvua ikapiga, maji yakajaa bondeni, wanyama wakakimbilia kwenye shimo la Mhanga. Wakaingia wadogo kwa wakubwa. Sasa, wote chini ya paa moja, nani anataka kulala mbele za watu? Basi wakasuka mikeka, wakaitundika. Mkeka hapa, mkeka pale. Hiki chumba changu, kile chako. Shimo moja likawa nyumba nyingi. Mkeka ukikunjwa, nyumba hakuna. Mkeka ukitundikwa kwingine, nyumba ipo. Na kila mmoja nyuma ya mkeka wake alijiona ana jumba lake peke yake, akijamba anadhani jirani hasikii.

Mnacheka? Na yale masanduku yenu kule kwenye chumba cha baridi? Si mliniambia wenyewe, sanduku moja la chuma, ndani yake mmegawa mashine chungu nzima, na kila mashine inajiona iko peke yake duniani? Mikeka hiyo! Msinifundishe mimi.

Tuendelee. Chakula cha masika kiliwekwa ghalani, kwenye mdomo wa shimo, kwa Mama Nungunungu. Kila asubuhi Mama Nungunungu alifunga mgao wa kila mmoja kwenye jani, akampa mchwa apeleke. Mchwa ndiye aliyekuwa tarishi. Mchwa hana macho, na maswali hana. Unamtajia jina la mwenye kifurushi, anajitwisha, anakwenda. Tiki, tiki, tiki.

Njia panda ya kwanza alikaa Kobe. Njia panda ya pili alikaa Konokono. Walipewa kazi hiyo kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaona wakihama. Siku ya kwanza waliambiwa amri zao, wakazimeza, basi. Mchwa akifika anapaza sauti, "Cha Bibi Sange!"

Kobe anasema, "Cha Bibi Sange? Kwa Konokono. Pita."

Tiki, tiki, tiki. "Cha Bibi Sange!"

Konokono anasema, "Cha Bibi Sange? Kushoto. Pita."

Tiki, tiki, tiki. Mchwa anaingia kushoto, akigonga mkeka anatua mzigo, pu! Anageuka, anarudi mbio mpaka ghalani. "Kimefika!" Mama Nungunungu anatabasamu, anafunga kingine.

Na sheria ya shimo ilikuwa moja tu: kilichofika kwa jina lako ni chako. Hakuna kurudisha, hakuna kubadilishana.

Basi wakakaa raha mustarehe, mpaka alipoingia Ngiri.

Ngiri aliingia kichwa mbele, bila hodi, maji yakimchuruzika. Bonge la Ngiri! Pembe mbili zimejikunja nje ya mdomo, shingo hana, tumbo linafagia chini. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Konokono, akajitosa kulia, akatundika mkeka. Akanguruma. "Kuanzia leo amri za milango ni zangu. Anayetaka kuzibadilisha alete unywele wa mgongo wangu. Na apitaye bila kumtii mlinzi, mkeka wake unakunjwa, anatoka nje kwenye mvua." Nani angebisha? Akaketi. Tangu aketi hakuinuka tena. Kila kitu aliletewa.

Kulia kwa Konokono alikaa Ngiri, na kushoto alikaa Bibi Sange, kikongwe wa watu, hana jino hata moja. Siku moja Ngiri akachungulia. "Bibi, hebu sogea kidogo kule nyuma, mguu wangu haunyooki."

"Nyuma kuna unyevu, baba."

"Si ni mkeka tu! Mkeka ni wako, jina ni lako, umepungukiwa nini?"

Bibi akasogea. Ngiri akautanua mkeka wake mpaka ukaziba kulia na kushoto. Bibi akawa nyuma kabisa, pembeni, kwenye matone. Mkeka ni ule ule. Bibi ni yule yule. Ila Konokono hakuna aliyemwambia.

Asubuhi, tiki, tiki, tiki. "Cha Bibi Sange!"

"Kushoto. Pita."

Pu! Na nyuma ya mkeka, kwafu, kwafu, kwafu!

"Kimefika!"

Sasa aliyekuwa mjukuu wa Bibi huyo ni Sange mwenyewe. Mnamjua Sange? Kimnyama kidogo kuliko kiganja chako, pua ndefu kama mpini wa kijiko, miguu kama njiti, na domo! Sange alilelewa na Bibi tangu mama yake alipochukuliwa na mwewe. Alikuwa ametoka, amekwenda kwa wakwe. Aliporudi alipenya kwenye ufa wa nyuma, maana yeye malango hayamhusu, akamkuta Bibi amelala ubavu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu." Bibi alipokea shikamoo hiyo kwa sauti ya uzi. Hajawahi kuiacha shikamoo bila jibu, hata siku aliyougua surua. "Umeniletea nini?"

"Nimekuletea salamu za wakwe."

"Salamu hazitafuniki. Ah, hata hivyo meno yenyewe sina."

Sange akamshika mkono, mkono ukawa mwepesi. Akamshika mbavu, akazihesabu bila kutaka. "Bibi! Huli?"

"Nile nini? Mama Nungunungu anasema kimefika. Kimefika wapi? Tumbo ni langu, si ningejua? Nimelalamika, majirani wanasema kikongwe anakula na kukana. Jana wamekaa baraza. Wamesema kesho nikilalamika tena, mkeka wangu unakunjwa."

Roho ilimuuma Sange. Nje mvua ilikuwa inapiga vile vile, na kwenye maji ya bondeni kulikuwa na chatu. Bibi atatolewa nje aende wapi na miguu ile? Akatoa punje zake za njiani, akazitafuna kwanza ndipo akampa. Kisha akashika njia ya ghalani, pua juu.

Ghalani alikuta kelele. Majirani wote walikuwapo, kila mmoja ana lake.

"Mchwa ndio wezi!" alisema Kicheche.

"Huo ni uchawi," alisema Popo. "Bibi karogwa, anakula hashibi."

"Mimi naona hivi," alisema Buku, panya mkubwa wa mashavu. "Tutoke wote nje, tuhesabu kidogo, tuingie tena upya. Huenda kila kitu kikakaa sawa chenyewe."

Nani kacheka? Si ndiyo hayo hayo uliyokuwa unasema wewe leo asubuhi, zima halafu washa? Nyamaza basi.

Sange akasema, "Mama Nungunungu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kama umekuja kwa ajili ya Bibi yako, kimefika. Nina masikio. Mchwa amesema kimefika."

"Sibishi, mama. Nakuomba mchwa mmoja tu, wa kutuma salamu."

Akapewa. Sange akaweka mdomo kwenye kichwa cha mchwa. "Nenda mpaka kwa Kobe. Mwambie shikamoo. Jibu atakalotoa, niletee kama lilivyo. Usiende mbele."

Tiki, tiki, tiki. Kimya kidogo. Tiki, tiki, tiki.

"Amesema, 'Ma-ra-ha-baaa.'"

"Huyo ndiye Kobe. Mpaka kwa Kobe njia ni nzima. Sasa nenda mpaka kwa Konokono. Mwambie shikamoo. Niletee jibu."

Tiki, tiki, tiki. Kimya. Tiki, tiki, tiki. Mchwa alirudi ameloa ute mwili mzima.

"Amesema, 'Marahaba.'"

"Huyo ndiye Konokono. Mpaka kwa Konokono njia ni nzima. Sasa nenda mpaka kwa Bibi. Mwambie shikamoo. Niletee jibu."

Tiki, tiki, tiki. Kimya. Majirani wakasogea karibu. Kimya. Hata Popo akatega sikio. Hatimaye, tiki... tiki... tiki...

"Bibi amesemaje?"

"Bibi amesema, 'Kwafu, kwafu. Chumvi imepungua. Kesho mlete viazi.'"

"Shikamoo hakuipokea?"

"Hakuipokea."

"Na umemwonaje Bibi?"

"Macho sina, bwana. Ila nimempapasa. Bibi amenenepa. Na meno yameota, mawili, makubwa, yamejikunja mpaka nje."

"Na hukushangaa?"

"Kushangaa si kazi yangu," alisema mchwa.

Mama Nungunungu akashika mdomo, miiba yote ikamsimama. Bibi Sange kuiacha shikamoo? Kila mtu mle shimoni alijua hilo haliwezekani. Na meno mawili yaliyojikunja nje, kila mtu alijua ni ya nani.

"Maskini Bibi wa watu," akasema Mama Nungunungu. "Na mimi hapa nasema kimefika, kimefika! Sasa nani atakwenda kumwambia Ngiri?"

Kicheche akatazama juu. Popo akatazama chini. Buku akajaza karanga shavuni ili asiweze kusema.

"Nitakwenda mimi," akasema Sange. "Ila nakuombeni kazi moja tu. Mkisikia Ngiri ameinuka, rudisheni mkeka wa Bibi ulipokuwa. Wa Ngiri ukunjeni, uwekeni pale kwenye matone."

"Ngiri ainuke?" Buku akatema karanga zote. "Wewe, Ngiri hajainuka tangu aingie!"

"Leo atainuka."

Msidhani mjanja haogopi. Aliogopa kweli kweli. Lakini alikumbuka ule mkono mwepesi, akaenda.

"Hodi! Shikamoo, Mzee Ngiri."

Ngiri hakujibu. Alikuwa analamba jani. Sange akatikisa kichwa, tsk tsk tsk, kama anayetazama maiti ya ndugu.

"Unanisikitikia nini, we kijiti?" akanguruma Ngiri.

"Nakusikitikia unavyokula, mzee. Mtu mzima, mwenye milango yako, unalamba jani la kikongwe asiye na meno. Watu huko ghalani wanabeba viazi kwa mikono miwili. Kuna mihogo pale imelala mpaka imeanza kunenepa. Kuna kunde. Kuna mabungo. Chungu kizima kiko pale, na wewe unangoja kijiko."

Mate yakamdondoka Ngiri, to, to, to. "Walete huku."

"Mchwa wabebe muhogo? Watafika mwakani. Chungu hakiendi kwa mlaji, mzee. Mlaji ndiye anakwenda kwenye chungu."

Ngiri akakuna shingo asiyokuwa nayo. Tangu aingie kichwa mbele hakutazama alikotoka hata mara moja. Njia alikuwa haijui. Lakini mkubwa aseme hajui njia? "Njia naijua," akasema. "Ila kuna giza."

"Mkubwa hahitaji kujua njia. Njia ndiyo inatakiwa imjue yeye. Nipe unywele mmoja wa mgongo, nikamwambie Konokono akupeleke."

Ngiri si mjinga wa kutupwa. Akafumba jicho moja. "Utamwambia nini? Sema neno kwa neno."

"Ghala liko upande wa Kobe. Kwa hiyo nitamwambia Konokono: cha Ngiri, kwa Kobe."

"Na Kobe utamwambia nini?"

"Kobe simgusi. Abaki na amri yake ile ile ya siku zote."

Ngiri akafikiri. Ghala liko upande wa Kobe, kweli. Konokono ampeleke kwa Kobe, sawa. Kobe aachwe, sawa. Hakuona uongo hapo, na ninyi nanyi hamjauona, maana haupo. "Barabara!" akasema, akageuza mgongo. Sange akang'oa unywele, pwi! Ngiri akalia, "Ng'wii!"

Sange akaupeleka kwa Konokono. "Amri mpya, na unywele huu hapa. Chenye jina la Ngiri, kwa Kobe."

Konokono akaupapasa unywele, akaimeza amri mpya, akaitema ya zamani. Hakuuliza kwa nini. Angekuwa mtu wa kuuliza kwa nini, wangempa lango?

Ngiri akainuka. Shimo zima likatikisika. Tu! Tu! Tu! Tu!

"Nani anapita?" akasema Konokono.

"Ngiri!"

"Cha Ngiri? Kwa Kobe. Pita."

Tu! Tu! Tu! Tu! Ngiri akalifuata giza, anaimba kimoyomoyo wimbo wa mihogo.

"Na-ni a-na-pi-ta?" akasema Kobe.

"Ngiri!"

"Cha Ngi-ri? Kwa Ko-no-ko-no. Pi-ta."

Maana Kobe alikuwa na amri yake ya siku zote, na siku zote vifurushi vya Ngiri vilikwenda kwa Konokono, vikafika. Ngiri akageuka. Aliona ajabu kidogo, lakini mkubwa haulizi njia. Tu! Tu! Tu! Tu!

"Nani anapita?"

"Ngiri!"

"Cha Ngiri? Kwa Kobe. Pita."

Tu! Tu! Tu!

"Na-ni a-na-pi-ta?"

"Ngiri!"

"Kwa Ko-no-ko-no. Pi-ta."

Tu! Tu!

"Kumbe humu ndani kuna Konokono wangapi?" Ngiri akajisemea, anahema. "Na Kobe wote hawa wametoka wapi? Kweli hili shimo ni kubwa."

Na huku nyuma, watu walikuwa kazini! Mama Nungunungu alikamata mkeka pembe hii, Buku pembe ile, Kicheche akatambaa chini, Popo akashikilia juu akiwa amening'inia miguu juu kichwa chini. Wakaukunja mkeka wa Ngiri, fyuu, wakaupeleka kwenye matone. Wakautwaa mkeka wa Bibi, wakautundika kushoto kwa Konokono, mahali pake pakavu pa zamani. Bibi wakambeba juu juu kwa mbwembwe, wakamketisha. Buku, mmoja wa waliosema Bibi anakula na kukana, sasa alikuwa anampepea. Watu bwana!

"Nyie, huko nje kunapita nini?" Bibi akauliza. "Mbona mara kwenda, mara kurudi?"

"Ni mgao wako, Bibi," akasema Sange. "Uko njiani."

"Mbona umechelewa hivyo?"

"Ni mzito."

Tu... tu... "Nani anapita?" "Ngiri." "Kwa Kobe. Pita." Tu... tu... "Na-ni?" "Ngiri, baba." "Kwa Ko-no-ko-no." Tu... tu...

Mchwa akizunguka bure pumzi humwishia, akaanguka. Ngiri pumzi yake ni mafuta, na mafuta nayo yakaanza kumwishia. Tumbo lililokuwa linafagia chini likapanda. Shingo ikaonekana, jamani, kumbe alikuwa nayo! Alitaka kulala palepale, lakini njaa haikumruhusu. Alitaka kuupiga teke ukuta, akaikumbuka sheria yake mwenyewe, asiyemtii mlinzi anatoka nje. Kwa mbali mvua ilikuwa inamsikilizia.

Hatimaye akasimama gizani katikati ya Kobe na Konokono. Njaa ikamfundisha kufikiri. "Ngoja. Nikisema Ngiri, sifiki. Ni nani ambaye vyake vinafika kila siku bila kukosa? Si yule kikongwe? Vya Bibi Sange vyote vinafika! Vinafika wapi? Vinafika kwangu, nyuma ya mkeka wangu! Basi nikisema mimi ni cha Bibi Sange, nitafika kwangu."

Mnaona? Hata Ngiri akikonda anapata akili.

Ila kinywa kilikuwa kizito. Ngiri mzima, mwenye milango, ajiite kifurushi cha kikongwe? Akajikokota mpaka kwa Konokono.

"Nani anapita?"

Ngiri akanong'ona.

"Sisikii. Nani anapita?"

"Cha... cha Bibi Sange."

"Cha Bibi Sange? Kushoto," akasema Konokono. "Pita."

Tu, tu, tu, tu! Ngiri akapita mbio, machozi ya furaha yanamtoka, akaugonga mkeka kwa kichwa, akaanguka chini kifudifudi. Pu!

Na yule mchwa wetu, aliyekuwa kando ya Sange, akapiga mbio mpaka ghalani akipaza sauti, "Kimefika! Kimefika! Cha Bibi Sange kimefikaaa!"

Shimo zima likapiga vigelegele.

Ngiri akainua kichwa. Mbele yake hakuona chumba chake. Aliona Bibi Sange ameketi kwenye mkeka wake, na Mama Nungunungu, na Kicheche, na Popo, na Buku na karanga zake, na Sange na pua yake ndefu. Wote wanamtazama.

"Hiki ni nini?" akasema Bibi, akimpapasa. "Kina manyoya. Mume wangu, mimi meno sina, hiki nitakitafunaje?"

"Hakitafunwi, Bibi. Kinachimba. Kina pembe mbili nzuri za kuchimbia viazi. Na ni chako. Kilichofika kwa jina lako ni chako, hakuna kurudisha, hakuna kubadilishana. Na hakuna aliyemtia jina mtu. Alijitaja mwenyewe, Konokono shahidi."

Ngiri akafungua mdomo abishe. Akamtazama Konokono. Akausikia ule uzito wa mvua nje. Akaufunga mdomo. Halafu, taratibu, akainamisha kichwa mpaka pembe zikagusa udongo.

"Shi... shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba," akajibu Bibi papo hapo. "Karibu. Umekonda! Mpeni chochote kijana huyu ale, kesho ana kazi."

Basi Ngiri akawa anatoka kila asubuhi kumchimbia Bibi viazi na mizizi laini, na Bibi akanawiri, mashavu yakarudi. Unywele wa mgongo akautunza Bibi mwenyewe, na kila mkeka ulipohama, mtu alitumwa kwanza kwa Konokono na kwa Kobe kuwaambia. Na Ngiri tangu siku hiyo haingii tena shimoni kichwa mbele. Nenda kamtazame. Huingia kinyumenyume, matako kwanza, macho yanatazama alikotoka, ili njia ya kurudi isimpotee tena.

Fundisho la ngano hii ni moja, na mlishike vizuri. Usiulize maswali. Mchwa hakuuliza, Kobe hakuuliza, Konokono hakuuliza, na mpaka leo wote wana kazi zao na hakuna aliyewafokea. Sange aliyeuliza yuko wapi? Yuko porini, kutwa kucha anafagia vijia vyake jani kwa jani, na hakuna anayemlipa.

Ngano yangu nimeituma. Imefika?

— Imefika!

Imefika kwa nani?

— Kwetu!

Shikamooni, basi?

— Marahaba!

Hee! Mnanipokea shikamoo mimi niliyewazaa nyote? Haya, rudisheni vikombe vyangu, inukeni mwende kazini. Ila kabla hamjazima na kuwasha tena, niambieni. Nani kati yenu jana jioni alihamisha mashine kutoka chumba hiki kwenda kile, akaondoka bila kumwambia Konokono?

Mbona wote mmekuwa Popo, mnatazama chini?